Barua ya Kisheria Ikifika Dukani, Ni Kazi ya Nani?

Biashara nyingi za kisiwani Mombasa zilianza na mtu mmoja na duka moja. Mwenyewe ndiye aliyenunua, akauza, akaandika hesabu na kutia sahihi kila karatasi. Kisha biashara ikakua. Duka la Marikiti likapata ndugu yake Ndia Kuu, godauni likafunguliwa Shimanzi, wafanyakazi wakafika kumi na tano, na kampuni ikasajiliwa rasmi. Mauzo yakapangwa, stoki ikapangwa, malipo yakahamia kwenye simu. Lakini mambo ya sheria mara nyingi yanabaki pale pale: yako kwa "mwenyewe". Na siku barua inapoletwa, mwenyewe hayupo.

Sisi ni kampuni ya malipo, sio ofisi ya mawakili. Lakini akaunti ya biashara ikizuiliwa, au wakurugenzi wakianza kuvutana nani aidhinishe malipo, ukifuatilia utakuta mara nyingi mwanzo wake ni karatasi iliyofika mahali ikakosa mtu wa kuishughulikia. Ndio maana leo tunaeleza jinsi kampuni kubwa zinavyopanga kazi zao za kisheria: nani anafanya nini, na anamripotia nani. Na tunaonyesha jinsi biashara ya watu kumi na tano inavyoweza kufuata mpango huo huo bila kuajiri hata wakili mmoja.

Jambo lenyewe ni fupi. Kila karatasi ya kisheria iwe na mtu mmoja anayeijibia. Mtu huyo awe na mkubwa mmoja wa kumripotia. Na awe na njia ya kufika juu kabisa pale ambapo huyo mkubwa wake ndiye mwenye shida.

Siku zinahesabiwa hata kama bosi amesafiri

Kanuni za Kesi za Madai za Kenya za mwaka 2010 zinasema wazi kampuni inapelekewaje samansi. Anapewa katibu wa kampuni, mkurugenzi, au afisa mwingine mkuu. Wakikosekana, anayepeleka samansi anaweza kuiacha kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni. Sasa jiulize: ofisi yako iliyosajiliwa ni ipi? Kama uliandika duka la zamani la Kibokoni ambalo siku hizi anakaa binamu tu anauza kahawa, samansi itaachwa pale na siku zitaanza kuhesabiwa.

Hizi hapa ni baadhi ya karatasi ambazo biashara ya Mombasa inaweza kuzipata, na muda wake:

- Samansi ya mahakama. Muda wa kujitokeza unaandikwa kwenye samansi yenyewe, na hauwezi kupungua siku 10. Baada ya kujitokeza, una siku 14 za kuwasilisha utetezi. Ukinyamaza na anayekudai anadai pesa taslimu zinazojulikana kiasi chake, anaweza kuomba hukumu itolewe bila wewe kusikizwa.

- Kesi ya Mahakama ya Madai Madogo. Hii inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ni mahakama nzuri kwako ukiwa unadai, lakini ukidaiwa hakuna nafasi ya kuvuta muda.

- Notisi ya mwenye nyumba. Maduka mengi ya kupanga, yale yasiyo na mkataba wa maandishi au yenye mkataba usiozidi miaka 5, yanalindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301. Mwenye nyumba akitaka kukutoa au kupandisha kodi lazima atoe notisi ya miezi 2 au zaidi. Wewe unatakiwa umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kama unakubali au hukubali, na kama hukubali upeleke shauri kwenye baraza la kodi za biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Usipokwenda, notisi inasimama kama ilivyoandikwa.

- Makadirio ya ushuru kutoka KRA. Una siku 30 za kuweka pingamizi. Deni likishakuwa deni, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inairuhusu KRA kumwandikia anayekushikia pesa, benki kwa mfano, na kumwamuru azilipe kwao moja kwa moja.

- Taarifa za wateja zikivuja. Daftari la madeni lenye majina, nambari za simu na vitambulisho likiibwa, na kukiwa na hatari ya kweli kwa wateja hao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue.

Na saa nyingine wewe ndiye mwenye kudai. Tuseme shehena yako imeharibika bandarini na unaona kosa ni la Mamlaka ya Bandari. Sheria ya KPA inataka kwanza umpe Mkurugenzi Mkuu notisi ya maandishi ya mwezi 1, na kesi yenyewe ifunguliwe ndani ya miezi 12. Tazama hapo sheria ilivyofanya: imetaja mpaka meza ambayo barua itatua. Kampuni yako je, meza hiyo iko wapi?

Wakubwa wanapangaje?

Mfano ulio karibu nasi ni serikali ya kaunti pale Treasury Square, hatua chache kutoka Fort Jesus. Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya mwaka 2020 iliweka ngazi. Juu yuko Mwanasheria wa Kaunti, anayeteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti. Yeye ndiye mshauri mkuu wa sheria wa serikali ya kaunti, na anahudhuria vikao vya kamati kuu ya kaunti. Chini yake yuko wakili wa kaunti, kisha mawakili wengine wa ofisi. Idara za kaunti haziendi tu kujitafutia mshauri wa sheria wa nje kila moja kivyake. Sheria inataka idhini kwanza.

Kampuni kubwa nazo zina ngazi za namna hiyo. Mkuu wa idara ya sheria anakaa karibu na mkurugenzi mkuu. Chini yake kazi zinagawanywa kwa mafungu: mikataba, kesi na madai, leseni na masharti ya serikali, na kazi za bodi.

Kuna swali linalosumbua kila kampuni inayokua: wakili akae pamoja na wenzake kwenye idara ya sheria, au akae ndani ya idara anayoihudumia, tuseme ya mauzo au ya mizigo? Akikaa na mawakili wenzake, atakuwa huru zaidi kusema "hapana", lakini hataijua biashara kwa ndani. Akikaa na watu wa mauzo, ataijua biashara sana, lakini polepole atakuwa mtu wao. Wengi wanachanganya: wakili anakaa kule kazi iliko, ila mshahara wake, likizo yake na tathmini ya kazi yake iko kwa mkuu wa sheria. Kwa mkuu wa mauzo anatoa huduma. Kwa mkuu wa sheria anatoa ripoti. Hizo ni njia mbili, na ni lazima kila mmoja ajue ipi ni ipi.

Wenyeji wa Mji wa Kale wanaujua mpango huu bila kufundishwa. Mali ya wakf huwa na mutawalli. Familia inaweza kuwa na watu arobaini na maoni arobaini, lakini anayeulizwa kuhusu paa linalovuja na kodi isiyokusanywa ni mutawalli. Naye pia yuko chini ya wengine, kwa maana Tume ya Wakf inaweza kumuuliza hesabu.

Kofia nne

Biashara ndogo haiwezi kuwa na idara ya sheria, na haihitaji. Inachohitaji ni kujua kwamba ndani ya kazi ya sheria kuna kofia nne, na kila kofia iwe na kichwa chake.

*Katibu wa kampuni* anatunza rejista ya wenye hisa na wakurugenzi, anaandika kumbukumbu za mikutano na kupeleka taarifa kwa Msajili wa Kampuni. Kwa mujibu wa Sheria ya Kampuni ya 2015, kampuni ya binafsi yenye mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 5 au zaidi ni lazima iwe na katibu. Chini ya hapo sio lazima, lakini kazi yenyewe ipo tu na lazima mtu aifanye.

*Mtu wa mikataba* anasoma kabla ya sahihi kutiwa. Anaweka nakala na anajua kila mkataba unaisha lini.

*Mtu wa barua na kesi* anapokea, anaandika tarehe ya kupokea, anahesabu siku na kumjulisha wakili.

*Mtu wa masharti na data* anafuatilia leseni za kaunti, ushuru, na taarifa za wateja. Kwa walio Mji wa Kale kuna jambo la ziada. Eneo hili linahifadhiwa kisheria, kwa hivyo kabla fundi hajagusa mlango, roshani au sura ya mbele ya nyumba, ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa inafaa iulizwe.

Mtu mmoja anaweza kuvaa kofia mbili. Sheria ya Ulinzi wa Data yenyewe inakubali afisa wa data awe mfanyakazi mwenye kazi nyingine, mradi kazi hizo zisigongane. Hapo kwenye kugongana ndipo pa kuangalia. Anayetafuta wateja kwa kuwatumia ujumbe asiwe ndiye anayeamua kama nambari za wateja zinatumika vizuri. Anayeagiza mali kwa muuzaji asiwe ndiye pekee anayesoma mkataba wa muuzaji huyo.

Anamripotia nani?

Hapa ndipo biashara nyingi zinapokwama, hata zile zilizogawa kazi vizuri. Karani amepokea barua ya madai kutoka kwa muuzaji. Anamripotia meneja wa duka. Lakini deni lenyewe ni la mali aliyoagiza meneja huyo huyo bila kumwambia mwenyewe. Meneja anasema, "Niachie, nitaongea nao." Barua inaingia kwenye droo. Karani hakukosea; alifuata njia aliyoonyeshwa. Njia ndiyo iliyokuwa na kasoro, maana ilikuwa moja tu na ilipita kwa mtu mwenye sababu ya kunyamaza.

Dunia nzima ilisomeshwa somo hili na Enron, kampuni ya Marekani iliyoanguka Desemba 2001 baada ya hesabu zake kupikwa kwa miaka. Watu wakauliza: mawakili walikuwa wapi? Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya Sarbanes-Oxley, na kanuni zilizoifuata zikaweka ngazi kwa wakili wa kampuni ya umma. Akiona dalili za uvunjaji mkubwa wa sheria, amwambie mkuu wa sheria au mkurugenzi mkuu. Asipopata jibu la maana, apande mpaka kamati ya ukaguzi ya bodi au bodi yenyewe.

Hapa Kenya, taasisi za fedha kama yetu zina mpango unaofanana na huo. Kanuni za kupambana na utakatishaji wa pesa zinataka taasisi iwe na afisa wa kuripoti aliye na cheo cha usimamizi, mamlaka na uhuru. Sababu ni ile ile ya yule karani wetu. Kama afisa huyo angehitaji ruhusa ya mkuu wa mauzo kabla ya kuripoti muamala wa kutiliwa shaka, basi muamala wa mteja mkubwa usingeripotiwa kamwe.

Kwa biashara ya familia, njia ya pili haihitaji bodi ya watu kumi. Inatosha kuandika hivi: "Barua yoyote ya mahakama, ya wakili, ya KRA au ya mwenye nyumba, inaripotiwa kwa meneja na pia kwa mkurugenzi asiyesimamia duka, siku hiyo hiyo." Neno muhimu hapo ni *na pia*. Mfanyakazi haulizwi achague amwamini nani. Anatuma picha ya barua kwa wote wawili, basi.

Wakili wa nje aingie kwa mlango mmoja

Biashara nyingi hapa zina wakili wa nje anayeitwa shida ikitokea. Hilo ni sawa. Lakini kama baba ana wakili wake, mtoto ana wake, na meneja wa Shimanzi ana rafiki yake anayemsaidia, utalipa mara tatu na kupata majibu matatu. Chagua mtu mmoja, kwa kawaida yule wa barua na kesi, ndiye ampe wakili maagizo na ndiye apokee bili.

Mtu huyo pia ahakikishe kila mwaka kwamba wakili ana cheti cha kufanya kazi kwa mwaka huo. Swali hili liliwahi kufika Mahakama ya Juu. Mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, mahakama hiyo iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu iliandaliwa na wakili asiye na cheti cha mwaka huo. Ni afueni kwa wateja. Lakini kumbuka kwamba ili afueni hiyo ipatikane, watu walipanda mahakama hadi ya juu kabisa. Kuuliza cheti mwezi wa Januari ni rahisi zaidi.

Mfano: karatasi moja kwa kampuni nzima

Tuchukue kampuni ya kubuni ya viungo, yenye duka Marikiti, lingine Ndia Kuu, na godauni Shimanzi. Wakurugenzi ni wawili: mzee mwenyewe na bintiye. Mpango wao unaingia kwenye karatasi moja:

1. Karani wa kila duka: anapokea barua, anaandika tarehe na saa, anatuma picha kwa binti na kwa meneja siku hiyo hiyo. Hatii sahihi kitu kingine isipokuwa kupokea.
2. Binti, mkurugenzi: ana kofia ya barua na kesi. Anahesabu siku, anamwagiza wakili, anamwarifu mzee.
3. Mhasibu: ana kofia ya mikataba na ya ushuru. Mkataba wowote wa zaidi ya kiasi walichokubaliana hautiwi sahihi kabla yeye hajausoma na kuandika jina lake.
4. Meneja wa godauni: ana kofia ya leseni na data. Anamripotia binti kwa mambo haya, hata kama kwa mambo ya stoki anamripotia mzee.
5. Mzee: anapokea muhtasari kila mwezi. Yeyote kati ya hao akiona shida inamhusu mkubwa wake, anampigia mzee moja kwa moja. Shida ikimhusu mzee, inakwenda kwa binti na wakili.
6. Binti akisafiri, nafasi yake inashikwa na mhasibu, na imeandikwa hivyo.

Nambari 6 watu huisahau. Mpango usiosema nani anashika nafasi wakati wa safari, ugonjwa au msiba, unafanya kazi siku za raha tu.

Na akaunti yako ya malipo?

Nambari yako ya Till au Paybill ni sehemu ya mpango huu, kwa sababu yeyote mwenye mamlaka juu yake ana mamlaka juu ya pesa. Tunashauri mambo manne.

Kwanza, msimamizi wa akaunti awe ameteuliwa kwa azimio la wakurugenzi lililoandikwa na kutiwa sahihi, sio kwa mazoea. Pili, anayeanzisha malipo makubwa asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Tatu, mfanyakazi akiacha kazi au mkurugenzi akibadilika, mtu wa kofia ya katibu awe na jukumu la kupeleka mabadiliko kwa Msajili, na kisha kutuletea CR12 mpya na azimio jipya. Mpaka tuyapate, sisi tunaendelea kumtambua aliye kwenye rekodi, hata kama nyinyi wenyewe mmeshaachana naye. Nne, simu na barua pepe tunayotumia kuwaarifu iwe ya kampuni, inayofunguliwa na watu wawili. Taarifa ya kwamba akaunti imezuiliwa kwa amri ya mahakama haifai kutua kwenye simu ya mtu aliyeacha kazi mwaka juzi.

Ukitaka kuanza leo, usianze kwa kuchora mchoro. Mwendee karani aliye kaunta sasa hivi na umuulize: "Samansi ikiletwa hapa saa hizi na mimi niko Nairobi, utafanya nini?" Akijibu kwa jina la mtu, nambari ya simu, na neno "leo leo", mpango unao. Akisema "nitakuwekea", chukua kalamu na karatasi kabla ya kufunga duka.